Imekwisha, Imetoka, Imetolewa

Wasemaji wa Kiswahili wana vitenzi vitatu vya kuielezea gesi ambayo haimo tena katika chombo chake. Wanaweza kusema kwamba imekwisha, kwamba imetoka, au kwamba imetolewa. Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi hupishana bila mtu kujali, na aghalabu cha kwanza ndicho hushinda. Friji ikiacha kupoza mjini Voi, mwenye friji humwambia fundi kwamba gesi imekwisha. Fundi huafiki, gesi nyingine hujazwa, malipo hufanywa, na mambo huishia hapo. Hata hivyo, kati ya vitenzi hivyo vitatu, kinachopendwa zaidi ndicho cha pekee kisichosema kweli.

Friji si jiko. Jiko huichoma gesi yake, na gesi iliyochomwa haipo tena kama ilivyokuwa. Gesi ya friji haichomwi wala hailiwi na chochote. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kwa kulehemiwa. Kompresa huisukuma, hubanwa ikawa kiowevu, huachiliwa ikawa mvuke, hulichukua joto la ndani ya kabati na kwenda kulitema nje, kisha huanza safari upya. Friji iliyoundwa vizuri yaweza kuitumia gesi ile ile kwa miaka mingi bila kuongezwa hata gramu moja. Kwa hiyo, kama haimo, imepata tundu. Na kama imepata tundu, basi iko mahali fulani.

Jambo hili lilimfikia mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Voi, si kwa njia ya fizikia bali kwa njia ya tafsiri. Mhadhiri wake alikuwa amewagawia wanafunzi wa somo la tafsiri makala za kisayansi, kila mmoja ya kwake, ili wazilete katika Kiswahili sanifu baada ya likizo. Makala aliyopewa ilihusu jinsi gesi za viwandani, ambazo hewani zimo kwa kiasi kidogo mno, zinavyofuatiliwa hadi mahali zinakotoka. Alidhani kwamba ugumu ungekuwa katika majina ya kemikali. Majina hayo hayakumsumbua. Klorofluorokaboni na haidrofluorokaboni ni maneno marefu, lakini ni ya kutoholewa tu, na Kiswahili kimezoea kutohoa. Kilichomkwamisha ni neno moja la kawaida kabisa, lililojirudia karibu katika kila aya, lenye maana ya gesi kuacha mahali ilipokuwa na kuingia hewani. Aandike utokaji? Aandike utoaji? Aandike uvujaji?

Tofauti si ndogo. Utokaji hauna mtendaji: jasho hutoka, jua hutoka, maji hutoka mwambani. Utoaji una mtendaji: mtu hutoa sadaka, hutoa ushahidi, hutoa rushwa. Uvujaji una tundu, lakini hauna nia. Mfasiri anayechagua mojawapo ya maneno haya anakuwa amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kama kuna anayepaswa kuulizwa.

Likizo hiyo alikuwa akimsaidia mjombake, fundi wa friji mwenye kibanda cha mabati mjini Voi. Mji huo ni wa joto na wa wasafiri: barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita hapo, reli ya zamani hupita hapo na tawi lake la kwenda Taveta, na reli mpya ina kituo chake tangu mwaka 2017. Wauzaji wa soda, maziwa, samaki na nyama hawawezi kufanya kazi bila baridi. Kwa hiyo fundi wa friji ni mtu anayehitajika, na mjomba alikuwa na umri wa kutosha kuzikumbuka gesi zilizokuja na kuondoka. Alianza kazi wakati wa gesi inayoitwa R-12. Kisha R-12 ikaadimika madukani, ikaja R-134a katika mtungi wa rangi ya samawati. Siku hizi friji ndogo mpya huja na R-600a, ambayo hushika moto, na hapo fundi humfukuza kila mwenye sigara.

Siku moja alikuwa akibadilisha kompresa ya friji ya muuza maziwa. Kabla ya kuondoa ile mbovu alilitoboa bomba, na gesi iliyosalia ikatoka kwa mlio mwembamba usiozidi nusu dakika. Haikuwa na rangi wala harufu.

"Mjomba, hiyo inakwenda wapi?" mpwa wake aliuliza.

"Hewani."

"Halafu?"

"Halafu imekwisha, mwanangu."

Mjomba hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kungoja kwa subira, kwani pale povu linapofura ndipo penye tundu. Alijua kwamba R-12 iliondolewa kwa sababu ya tabaka la ozoni, na aliambiwa kwamba gesi iliyofuata haina shida. Alichoambiwa kilikuwa nusu ya ukweli. R-134a haina klorini, kwa hiyo hailidhuru tabaka la ozoni, lakini huzuia joto lisitoke duniani. Kwa vipimo vinavyotumiwa katika mikataba ya kimataifa, kilo 1 ya R-134a ina nguvu ya kuongeza joto sawa na kilo 1,430 za kabonidioksidi katika muda wa miaka 100. Friji ya nyumbani yaweza kuwa na gramu 120 hivi. Mlio ule wa nusu dakika, iwapo friji ilikuwa imejaa, ulikuwa sawa na takriban kilo 170 za kabonidioksidi, yaani kiasi kinachotokana na kuchoma lita 70 na zaidi za petroli. Gari dogo hutoka Voi hadi Nairobi na kurudi kwa mafuta hayo, na salio likabaki.

Mwanafunzi alirudi kwenye makala yake akiwa na swali jipya. Je, ulimwengu uliachaje kusema kwamba gesi imekwisha?

Jibu lina mwaka na lina meli. Mnamo mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza aitwaye James Lovelock alipanda meli ya utafiti, Shackleton, iliyokuwa ikitoka Uingereza kuelekea Antaktika. Alibeba kifaa alichokuwa amekibuni mwenyewe katika miaka ya 1950, chenye uwezo wa kugundua kemikali fulani hata zikiwa chache kupita kiasi. Alichota hewa safarini, mbali na viwanda, na kila mahali alikuta gesi ile ile: CFC-11, ambayo mafundi huijua kama R-11, iliyotumiwa katika makopo ya marashi na katika kutengenezea povu gumu la kuzuia joto. Gesi hii haitokei kwa maumbile. Imeundwa na binadamu. Iliyokuwa imepulizwa mijini Ulaya na Marekani ilikuwa hapo, katikati ya bahari, haijaguswa. Lovelock mwenyewe aliandika mwaka 1973 kwamba uwepo wake haukuwa wa kutisha. Lakini jambo moja lilikuwa limethibitika. Gesi haikuwa imekwisha.

Mwaka uliofuata, 1974, Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza hatima yake. Gesi isiyoharibika huku chini hupanda polepole hadi juu sana, ambako miale mikali ya jua huivunja na kuiachilia klorini, na klorini hulila tabaka la ozoni. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima ozoni Antaktika walitangaza kwamba ilikuwa ikipungua mno kila majira ya kuchipua. Tarehe 16 Septemba 1987 Itifaki ya Montreal ikatiwa saini, na kufikia mwaka 2010 uzalishaji wa klorofluorokaboni ulitakiwa kuwa umekoma duniani kote, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyoruhusiwa. Sekretarieti ya itifaki hiyo iko Gigiri, Nairobi, katika makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Ni umbali wa kilomita zipatazo 330 kutoka Voi, kwa barabara ile ile inayopita karibu na vibanda vya mafundi.

Kusaini ni jambo moja, na kutimiza ni jambo jingine. Chini ya itifaki hiyo, kila nchi huandika kila mwaka ni kiasi gani imezalisha, imeagiza kutoka nje au imeuza nje. Hesabu hizo ni za karatasi. Basi ni nani anayeiuliza hewa yenyewe? Tangu mwaka 1978 pamekuwa na mtandao wa vituo, unaojulikana leo kwa jina la AGAGE, unaopima gesi hizi mfululizo katika sehemu za pwani na visiwa: Ireland, Barbados, Samoa ya Marekani, Tasmania na kwingineko. Shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, nalo lina mtandao wake. Vipimo huhesabiwa kwa sehemu katika trilioni. Ili kukisia udogo huo, msomaji na awazie sekunde 1 katika muda wa miaka inayokaribia 32,000. Hewa hupitishwa katika mtego wenye baridi kali mno, gesi hunaswa humo, kisha hupashwa joto na kutenganishwa moja moja, kila moja ikijitambulisha kwa uzito wa vipande vyake. CFC-11 ilifikia kilele cha zaidi ya sehemu 260 katika trilioni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ikaanza kushuka kama ilivyotarajiwa.

Wahenga walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Gesi hizi hazina moshi. Ushahidi wake ni mstari katika grafu, na mwezi Mei 2018 mstari huo ulisema jambo ambalo karatasi hazikulisema. Stephen Montzka wa NOAA na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba tangu mwaka 2012 kushuka kwa CFC-11 kumepungua kasi kwa takriban nusu. Hilo halingewezekana bila gesi mpya kuingia hewani, zaidi ya tani 10,000 kila mwaka, ilhali hakuna nchi iliyokiri kuizalisha. Watafiti walikuwa na dalili kwamba inatokea Asia ya Mashariki, lakini hawakuweza kutaja mahali. Hapo sayansi ilikuwa imefika kwenye kitenzi cha pili. Imetoka.

Kitenzi cha tatu kilichukua mwaka mmoja zaidi. Kituo cha Gosan kiko katika kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, na kituo cha Hateruma kiko katika kisiwa cha kusini mwa Japani. Vituo hivi viko karibu na viwanda kiasi cha kunusa hewa yake, na mbali navyo kiasi cha kupata pia hewa safi ya bahari. Kila gesi ilipopanda ghafla katika vipimo, watafiti walitumia kompyuta kuurudisha upepo nyuma, saa baada ya saa, ili kuona hewa hiyo ilikuwa imepita juu ya nchi gani. Siku moja haithibitishi kitu. Lakini mamia ya siku, pepo zikigeuka huku na huku, hukatana kama mistari katika ramani na kuonyesha mahali pamoja. Mwezi Mei 2019 Matt Rigby, Sunyoung Park na wenzao walitangaza kwamba tani zipatazo 7,000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya ongezeko lote au zaidi, zilitoka mashariki mwa China, hasa katika majimbo ya Shandong na Hebei. Wachunguzi wa shirika moja la mazingira walikuwa wamekwisha kuwakuta huko watengenezaji wa povu la ujenzi waliokiri kuitumia gesi iliyopigwa marufuku, kwa kuwa ilikuwa rahisi. Serikali ya China iliongeza ukaguzi, na mwezi Februari 2021 vipimo vipya vilionyesha kwamba gesi hiyo ilikuwa imepungua tena. Imetolewa, na aliyetoa ameacha.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ni fupi tu pale penye mtu anayeipima. Jambo hili lilidhihirika tena mwezi Januari 2020 kuhusu HFC-23, gesi inayozaliwa kiwandani bila kukusudiwa wakati wa kutengeneza R-22. Kwa mujibu wa taarifa za nchi mbili zinazoitengeneza R-22 kwa wingi, China na India, HFC-23 ilitakiwa kuwa imekaribia kukoma kufikia mwaka 2017. Hewa ilisema kwamba mwaka 2018 ilitoka kwa wingi kuliko wakati wowote katika historia.

Mwanafunzi aliposoma sehemu hiyo aliitafuta Afrika ya Mashariki katika ramani ya makala. Ramani ilitia rangi maeneo ambayo vituo vinaweza kuyanusa: Ulaya Magharibi, sehemu za Marekani, Asia ya Mashariki, pembe ya Australia. Bara la Afrika, kwa sehemu yake kubwa, lilikuwa halina rangi.

Si kwamba hakuna lolote linalopimwa. Juu ya Mlima Kenya, kwa kimo cha mita 3,678, kuna kituo cha Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kilichoanzishwa mwaka 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kituo hicho kimepima ozoni na kabonimonoksidi, na kwa miaka kadhaa baada ya 2003 hewa yake ilitiwa katika chupa za kioo na kupelekwa Marekani kupimwa. Nairobi imekuwa ikirusha baluni za kupima ozoni tangu miaka ya 1990. Kisiwa cha Mahé, Ushelisheli, kimekuwa kikichota hewa ya Bahari ya Hindi tangu mwaka 1980. Rwanda, ambako mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali kuzipunguza haidrofluorokaboni, ina kituo katika Mlima Mugogo kilichojiunga na familia ya AGAGE, na vipimo vyake vimeonyesha jinsi moshi wa kuchoma nyasi na misitu unavyotawala hewa ya eneo hilo wakati wa kiangazi. Hayo yote ni mambo makubwa. Lakini kuipata gesi ya friji iliyotoka katika mji fulani wa Kenya, na kusema imetoka kiasi gani, hakuna kituo cha kuifanya kazi hiyo. Hesabu ya gesi hizo kwa eneo hili hutegemea karatasi za forodha na makadirio.

Taita Taveta yenyewe si ngeni kwa mambo ya gesi na hesabu. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima gesi zinazotoka kwenye udongo wa nyanda za chini za kaunti hiyo, katika mashamba, malisho, vichaka na hifadhi. Watafiti walifunika udongo kwa masanduku, wakavuta hewa kwa sindano, na kuipeleka maabara. Huko Kasigau, mradi wa kuhifadhi msitu wa nyika ulikuwa, mwaka 2011, wa kwanza wa aina yake duniani kupata hati za kaboni zilizothibitishwa kwa kiwango cha kimataifa. Huko kaboni hukadiriwa kwa kuipima miti kwa utepe na kupiga hesabu. Mjomba alikuwa na maneno yake kuhusu jambo hilo.

"Hewa ya Kasigau imeuzwa hadi Ulaya," alisema akicheka. "Hii yangu hakuna anayeiulizia bei."

Mpwa wake hakucheka. Aliona kwamba mjomba amesema kweli. Hewa iliyozuiliwa ina karatasi, ina mnunuzi na ina mkaguzi. Hewa iliyoachiliwa haina hata jina.

Katika siku zilizofuata aliitazama milima kwa macho mengine. Milima ya Taita, pamoja na Sagalla na Kasigau, ni miongoni mwa miinuko ya kwanza mirefu inayoukabili upepo wa bahari. Kusi ivumapo, tangu Aprili hadi Septemba, hewa huja kutoka kusini-mashariki, hupita juu ya pwani na nyika, hugonga miteremko na kugeuka ukungu unaoinywesha misitu ya Ngangao na Mbololo. Na kilomita zipatazo 150 upande huo unakotoka upepo kuna Mombasa, penye bandari inayopokea mitungi ya gesi, penye viwanda, maghala ya samaki na hoteli zenye viyoyozi. Kaskazi ivumapo, hewa huja kutoka upande wa Uarabuni na Pembe ya Afrika. Kilele cha Vuria, chenye kimo cha mita 2,208, tayari kina milingoti ya mawasiliano. Kituo kikiwekwa mahali kama hapo kingeweza kupata hewa safi ya bahari siku moja na hewa ya mji siku nyingine, na tofauti kati ya siku hizo ndiyo habari. Mjomba alipoelezwa alielewa mara moja, kuliko mpwa alivyotarajia. Kwake yeye hilo lilikuwa povu la sabuni, ila limepakwa juu ya mlima.

Ndipo ukaja ugumu ambao makala haikuutaja. Mpwa alimsomea mjomba sentensi aliyokuwa ameifasiri, iliyosema kwamba watoaji wa gesi hizi ni pamoja na mafundi wa mitambo ya kupoza. Mjomba alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mtoaji ni mimi."

Hakuwa ameuliza, na mpwa hakuwa na la kujibu. Alijua kwamba mashine ya kuivuta gesi na kuihifadhi badala ya kuiachilia ipo, na kwamba bei yake inazidi mapato ya fundi ya miezi mingi. Alijua pia kwamba hata fundi angeikusanya gesi hiyo, angehitaji mahali pa kuipeleka ikasafishwe au kuharibiwa, na jirani na kibanda chake hapakuwa na mahali hapo. Aidha, alijua kwamba friji nyingi za mitumba huingia Afrika zikiwa zimechoka, zikiwa na gesi ambazo nchi zilikotoka zimekwisha kuziacha. Je, aliyetoa ni yule aliyelitoboa bomba Voi, au yule aliyeiunda gesi, au yule aliyeona ni nafuu kuisafirisha friji kuukuu kuliko kuiharibu kwao? Kitenzi ni kimoja, lakini watendaji wamepanga foleni.

Angeweza kuikimbia sentensi hiyo kwa kuandika utokaji. Neno hilo lingemwondolea mjomba lawama kwa kuongeza herufi moja tu, k. Lakini lingewaondolea lawama pia wenye viwanda vya Shandong na wale waliotoa taarifa zisizolingana na hewa. Lugha isiyo na mtendaji huwasamehe wote kwa pamoja, na wanaofaidika zaidi na msamaha wa namna hiyo ni wale waliokosa zaidi.

Mjomba ndiye aliyekata shauri. "Kama ni mimi, niandike," alisema. "Lakini usiniandike peke yangu. Andika na aliyeniuzia mtungi, na aliyemuuzia yeye."

Katika tafsiri aliyowasilisha, mwanafunzi hakutumia neno moja. Palipokuwa na kiwanda au mtu anayeiachilia gesi kwa kujua, aliandika utoaji. Palipokuwa na kiungo kilicholegea au friji iliyochakaa, aliandika uvujaji. Utokaji aliubakiza kwa gesi ambayo hewa imeionyesha lakini chanzo chake hakijajulikana, na akaongeza tanbihi kwamba neno hilo ni la muda, la kungoja uchunguzi. Katika kikao cha darasa baadhi ya wenzake walipinga. Walisema kwamba istilahi nzuri ni moja kwa dhana moja, na kwamba msomaji atachanganyikiwa. Hoja hiyo ina uzito wake, na walimu wa istilahi wameitetea kwa miaka mingi. Yeye alijibu kwamba dhana yenyewe si moja. Lugha nyingine imezikusanya tatu katika kapu moja; Kiswahili hakilazimiki kubeba kapu hilo ati kwa kuwa limekuja limefungwa.

Mjadala huo haukwisha siku hiyo, wala si lazima uishe. Lakini huko Voi kumekuwa na badiliko moja dogo. Katika kitabu chake cha risiti, mjomba haandiki tena kwamba gesi imekwisha. Huandika kwamba imevuja, na huandika mahali ilipovujia. Wateja wengine hawalipendi jambo hilo, kwani friji iliyovuja yataka kuzibwa kabla ya kujazwa, na kuziba ni gharama ya ziada. Huuliza kwa nini fundi wa upande wa pili wa barabara hujaza tu. Mjomba huwaonyesha povu linalofura kwenye kiungo, wakaliona kwa macho yao, kisha huwaachia waamue wenyewe.